Kuharisha kwa amoksilini si mzio
Umeuliza kama mtoto kuharisha siku ya pili ya amoksilini (antibiotiki ya kundi la penisilini) ni mzio. Hapana dada, kuharisha huko si mzio. Hiyo ni athari ya aina A, yaani inatokana na kazi ya dawa yenyewe: inaua bakteria wa ugonjwa, na wale wazuri wa utumboni wanakwenda nao. Inatabirika, na kwa kawaida hutulia dozi ikiisha. Mzio ni aina B, kinga ya mwili ndiyo inayokurupuka: vipele vya kuwasha, midomo kuvimba, pumzi kubana. Hapo unakimbilia hospitali, hungoji kesho. Mgawanyo huu wa A na B tulifundishwa famasi, ulianza kutumika miaka ya 1970.

Usikubali waandike "mzio wa penisilini" kwenye kadi yake kwa sababu ya kuharisha tu, maana atanyimwa kundi zima la dawa hizo hata atakapozihitaji kweli (nimeona watu wazima wengi wanabeba lebo hiyo bure). Ila akiharisha damu, au akilegea na macho kuingia ndani, mrudishe kwa daktari leo hii.