Kidonda Kilipona, Kaswende Ikabaki

Nilipokuwa nikinunua dagaa katika mwalo wa Kibirizi, Kigoma, nilitokwa na kidonda kimoja sehemu za siri, chenye kingo ngumu kama gegedu la sikio, ambacho hakikuuma hata nilipokibonyeza. Mitoki, yaani tezi za kinena, ilivimba, nayo haikuuma. Baada ya takribani mwezi mmoja kidonda kilifunga chenyewe, nami nikamshukuru Mungu na kuendelea na biashara.

Sikujua kwamba kufunga kule kulikuwa kazi ya kinga ya mwili, wala hakukuwa dalili ya ugonjwa kuisha. Bakteria wa kaswende wakiingia katika ngozi, chembe nyeupe za damu hukusanyika mahali hapo, na baadhi yake hupeleka vipande vya bakteria kwenye tezi. Ndiyo sababu mitoki huvimba. Huko huamshwa chembe nyingine zinazochochea makrofaji, yaani chembe kubwa zinazomeza vijidudu, kuwameza bakteria waliokwisha kunaswa na kingamwili, ambazo ni protini za damu zinazotengenezwa na mwili kupambana na vijidudu, na kidonda husafika ndani ya wiki 3 hadi 6 bila dawa. Lakini bakteria hao wana protini chache mno juu ya utando wao wa nje, na mojawapo huibadilisha mara kwa mara, hivyo kinga hukosa pa kuwashika wote. Tena, kabla kidonda hakijaonekana, wengine huwa wamekwisha kuingia katika damu.

Wiki chache baadaye mke wangu alipimwa kliniki ya wajawazito, nami nikaitwa. Viganja vyangu vilikuwa na madoa ya rangi ya shaba yasiyowasha. Muuguzi aliyatazama, akasema kwa upole, “Baba, haya si ya kubeba magunia.” Tulichomwa sindano ya penisilini siku hiyohiyo, na usiku nilipata homa kali, ambayo hutokea bakteria wanapokufa kwa wingi.

Ndugu yangu, ukiona kidonda kisichouma, nenda kapime pamoja na mwenzi wako. Kipimo cha wiki za mwanzo kikionyesha huna, rudia, kwa maana kingamwili huenda hazijatosha kuonekana. Usifadhaike pia kipimo cha haraka kikiendelea kuonyesha unao baada ya tiba, kwa kuwa kingamwili hizo zinaweza kubaki maisha yote. Daktari hufuatilia kipimo kingine, kile ambacho kiwango chake hushuka. Wala kingamwili hizo hazikuzuii kuambukizwa upya. Mimi nilirudi kupima baada ya miezi 6, nikiwa nimembeba mwanetu, mzima.