Ukoka unaovuka matofali na kuingia mauani

SWALI: Mshauri wetu, salaam. Mbele ya nyumba yangu hapa Entebbe nina uwanja mdogo wa ukoka, na pembeni yake matuta mawili ya waridi. Mwaka jana niliyazungushia matofali ya kuchoma, nikayalaza juu ya udongo kwa mstari ulionyooka, lakini mvua za Machi zilipoanza nyasi zilipita katikati ya matofali. Je, niyaunganishe kwa saruji?
Msomaji, Entebbe

JIBU: Ndugu msomaji, hebu inua tofali moja la mstari huo. Huenda ukakuta chini yake vijishina vyeupe vyenye ncha kali vikielekea kwenye waridi zako, kwa maana ukoka hutambaa juu ya ardhi, ukiota mizizi kila kifundo kinapogusa udongo unyevu, na wakati huohuo hupenya chini kwa chini. Saruji ya kuziba nafasi za juu itazuia njia moja tu kati ya hizo mbili.

Anza na tuta lenyewe, wakati wa kiangazi cha Januari au Julai. Usililime kwa jembe la kawaida, kwa sababu hukata vijishina vipandevipande, na kila kipande chenye kifundo huweza kuchipua. Tumia jembe la meno, ukung'ute udongo, kisha uvianike juu ya bati kuukuu hadi vikauke kabisa. Ukikuta lile jani ambalo Waganda huliita lumbugu, chimba zaidi, maana hilo huenda chini kuliko ukoka.

Kisha chimba mtaro mwembamba na uyasimamishe matofali wima, yakiwa yamebanana, sentimita 15 hivi zikiwa ardhini na vidole viwili tu vikionekana juu. Hapo ndipo saruji ina faida, katika viungo vyake.

Mimi binafsi, kwenye kiwanja tambarare, hupendelea mtaro mtupu: upande wa nyasi ukatwe wima kwa sepetu, kina cha shubiri moja, na upande wa maua uteremke taratibu. Kitawi kinachofika ukingoni huning'inia hewani, nawe hukikata kwa panga kila baada ya wiki mbili wakati wa mvua. Kwenye mteremko haufai, kwani hugeuka mfereji na kuubeba udongo wa tuta. Vipande vya mabati, ambavyo wengi huvitumia kwa kuwa ni rahisi kupatikana, sivipendekezi penye watoto wanaocheza miguu mitupu.

Mwisho, zungumza na kijana anayekufyekea. Fyekeo hurusha vitawi mbali, na vikiangukia udongo wenye maji huweza kushika mizizi. Kwa hiyo afyeke akiyapa matuta mgongo, na masalio yafagiliwe siku hiyohiyo.