Kabla ya kuandika historia ya SAR, hakikisha ni bunduki gani

Ninyi mnaoanza utafiti wa historia ya silaha, anzeni na jina. Mimi hapa Moshi nilipoteza karibu mwezi mzima kwa sababu ya tarakimu mbili tu: 56.

Nilikuwa naandika kuhusu SAR (kifupi cha Kiingereza, semi-automatic rifle), bunduki ya nusu-otomatiki ya Kichina iitwayo Type 56. Kila chapisho lililotaja Type 56 nikalinakili, vyote nikaviweka kwenye faili moja. Aliyenizindua ni jirani yangu wa Majengo, askari mstaafu. Alitazama picha niliyoichagua akasema, "Kijana wangu, hii ni SMG. Si ulisema unaandika SAR?"

Alikuwa sahihi: SMG (submachine gun) ndilo jina ambalo magazeti yetu huzipa bunduki za aina ya AK. Wachina walizipa namba 56 bunduki tatu tofauti, kwa kuwa zote ziliidhinishwa mwaka 1956: nakala ya SKS, bunduki ya Kisovieti aliyoibuni Sergei Simonov, nakala ya AK, na nakala ya RPD, bunduki ya rashasha. Kwa Kichina ya kwanza huitwa bunduki ya nusu-otomatiki, ya pili bombomu ndogo ya mkononi. Linganisheni na SAR na SMG za magazeti yetu, mtaona mgawanyo ni uleule. Lakini vitabu vya Uingereza vikisema SMG vinamaanisha silaha kama Sten, inayotumia risasi za bastola. Anayetafsiri gazeti la Arusha kwa kamusi ya Waingereza atapotosha historia bila kujua.

Halafu miaka. Mkikuta SKS imeandikiwa 1945 huku na 1949 kule, msikimbilie kusema mwandishi mmoja kakosea. 1945 ni mwaka ulio ndani ya jina la muundo wenyewe, SKS-45. 1949 ni mwaka jeshi la Kisovieti lilipoipokea rasmi, na kiwanda cha Tula, huko Urusi, kikaanza kuitengeneza kwa wingi. Ulizeni kila mara: mwaka wa nini?

Chanzo ninachokiamini zaidi ni chuma chenyewe, au kumbukumbu za makumbusho iliyokishika na kukieleza. Nyota ya Tula, au pembetatu yenye 26 ya kiwanda cha Kichina, hazinakili uvumi. Maelezo chini ya picha za zamani nayaamini kidogo sana. Tazameni magazini: ya SAR ni fupi, haitokezi sana chini, inabeba risasi 10, ya AK ni ndefu, imepinda, inabeba 30. Singe nayo inasema mengi, maana nyingi za Kisovieti ni bapa kama kisu, na Wachina baadaye wakaweka iliyochongoka kama msumari.

Makala tano zenye sentensi ileile na kosa lilelile la tahajia nazihesabu kuwa chanzo kimoja.

Wazee wetu je? Nendeni kwao, kwa heshima, mkiwa na muda. Msiwaulize mwaka wa kiwanda. Waulizeni mikono yao ilifanya nini. Mzee wangu wa Majengo alinionyesha kwa kidole gumba, juu ya meza ya chai, namna risasi kumi zilizopangwa kwenye kipande cha chuma zinavyosukumwa ndani kutoka juu. Pale ndipo nilipokuwa na hakika kwamba yeye aliishika SAR. Nilirudi nyumbani nikaligawa lile faili mara tatu.