Kabla hujalaumu vifaa, angalia ngozi yako

Juzi dada mmoja anayesoma masta ya famasia kanitumia meseji, anasema jeli yake ya diclofenac, ile dawa ya maumivu ya kupaka, anaijaribu kwenye ngozi ya masikio ya nguruwe badala ya ngozi ya mtu, na inapita kama maji kwenye chujio, kila kipande na majibu yake, na msimamizi wake kamwambia ndio vifaa vya Bongo hivyo. Nilikasirika, maana hata mimi niliambiwa hivyo hivyo mbele za watu na mpaka leo inaniuma. Sasa mwezi huu data zangu zimekubaliwa na jarida, na ngozi ni hiyo hiyo ya kitimoto!

Nikamuuliza, masikio unachukua kabla au baada ya maji ya moto? Akasema baada. Basi, jibu ndio hilo. Machinjioni wanammwagia mnyama maji ya nyuzi 60 hivi ili manyoya yatoke, na joto hilo hilo sisi maabara tunalitumia makusudi kubandua epidemisi, yaani ngozi ya juu. Kinachozuia dawa ni lile tabaka la juu la seli zilizokufa, mikromita 10 mpaka 20 tu, likishatoka hapo hupimi ngozi tena. Mimi nilikuwa nadamka alfajiri naenda kuongea na wachinjaji kwa adabu, "kaka naomba unikatie masikio kabla hujamwaga maji", naweka kwenye barafu naondoka, wakanizoea mpaka wakawa wananiwekea pembeni.

Seli ya Franz yenyewe, kile kifaa cha kupimia dawa inavyopita kwenye ngozi, wala usiiogope, ipo tangu 1975 na dunia nzima bado inaitumia. Vyumba viwili vya kioo, ngozi katikati upande wa nje ukiangalia juu, chini bafa (maji ya chumvi yenye pH isiyoyumba) ya pH 7.4 inayopokea dawa, na sumaku inakoroga, maji ya moto yanazunguka pembeni mpaka uso wa ngozi ufike nyuzi 32. Ila ogopa hewa iliyonasa chini ya ngozi, pale dawa haiingii kwenye bafa, eneo linapungua na hesabu zote zinaharibika, kwahiyo inamisha seli taratibu mpaka hewa ipandie kwenye mkono wa kuchotea sampuli. Na umeme ukikatika ngozi inapoa, tafuta UPS, ile betri ya akiba, mapema.

Wengine watakwambia badala ya ngozi tumia Caco-2. Zile ni seli hai za utumbo zinazooteshwa maabara, zinajibu maswali ya kidonge cha kumeza, tena zinataka kama siku 21 kwenye inkubeta isiyozima. Wewe una jeli ya kupaka, baki na ngozi.

Na nyie wasimamizi, mwanafunzi akileta data mbaya muulizeni ngozi katoa wapi kabla hamjamvunja moyo.

Dada yangu, pima ukinzani wa umeme wa kila kipande kabla hujaweka dawa, ujue kama ngozi ni nzima, na kiwango cha kukataa kipande kiandike kwenye daftari siku hiyo hiyo na tarehe yake, maana ukija kutupa vipande baada ya kuona majibu hakuna mtahini atakayekuamini.