Polisi wa Lost Heaven hutoza faini

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la juma hili linauliza hivi: katika michezo ya video ya uhalifu ambamo mchezaji huachiwa mji mzima auzunguke apendavyo, je, kuna mfululizo uliowahi kuushinda Grand Theft Auto? Jibu langu ni kwamba upo, nao ni Mafia, ingawa ningelisema hilo katika chumba cha michezo cha Katuba, hapa Lubumbashi, nilikojifunzia kushika maneti, yaani kidude cha vitufe cha kuchezea, ningezomewa mpaka nje.

Wanaozomea wana haki yao, nami naanza nayo. San Andreas, mchezo wa Grand Theft Auto uliotoka mwaka 2004 kwa ajili ya PlayStation 2, uliwafaa sana watu wanaolipia muda. Ukiwa na franka za nusu saa tu, uliingia mji wake wa Los Santos, ukajitwalia gari, ukafanya fujo hadi nyota zinazoonyesha unavyosakwa na polisi zikajaa juu ya kioo, kisha ukampisha mwenzako bila kujali hadithi imefika wapi. Maneno yalisemwa kwa Kiingereza na maandishi yakapita chini kwa Kifaransa; kaka mmoja mkubwa aliyejua kusoma upesi alitutafsiria kwa Kiswahili, na leo nina hakika kwamba nusu ya aliyotuambia aliyatunga mwenyewe. CJ, shujaa wa mchezo huo, alinenepa akila mno, akakonda akifanya mazoezi, na tena alijua kuogelea, jambo lililomshinda Tommy Vercetti, shujaa wa Vice City, mchezo uliotangulia mwaka 2002: yeye akitumbukia majini alikufa papo hapo, nasi hatukuchoka kumcheka.

Lalamiko langu juu ya Grand Theft Auto ni kwamba mji wake husahau upesi mno. Umeua, umevunja, umekimbizwa na helikopta. Unaingia gereji, gari linabadilishwa rangi, na polisi walewale wanakupita kama hawajawahi kukuona. Katika Grand Theft Auto IV, wa mwaka 2008, shujaa Niko Bellic anazungumza kwa uchungu juu ya vita alivyopigana na damu aliyoimwaga, na maneno yake yanagusa kweli. Lakini mazungumzo yakiisha tu, mchezaji anapanda kando ya barabara na kuwaponda watu kumi ili asichelewe. Hadithi haijui kinachotendeka barabarani, na barabara haijui hadithi.

Mafia wa kwanza ulitengenezwa na Illusion Softworks, kampuni ya mji wa Brno katika Jamhuri ya Cheki, ukatoka mwaka 2002. Shujaa wake, Tommy Angelo, ni dereva wa teksi wa miaka ya 1930 katika mji wa kubuni uitwao Lost Heaven, ambaye anaingizwa katika uhalifu kwa sababu watu wawili waliokuwa wakikimbizwa walimlazimisha kwa bastola awatoroshe. Magari ya zama hizo hupanda kilima kwa kuhema, na mafuta huisha. Zaidi ya yote, polisi wa Lost Heaven hukusimamisha kwa mwendo wa kasi au kwa kupita taa nyekundu, wakakutoza faini. Ukileta ubishi wanakuja na pingu, na risasi zinaanza pale tu mambo yanapoharibika kabisa. Kwa hiyo, ukishamaliza kuua, inakubidi urudi polepole, ukisimama kwenye kila taa, silaha ikiwa ndani ya koti. Yeyote aliyewahi kuendesha gari mjini kwetu akiwa na karatasi pungufu, akamwona polisi wa barabarani amesimama mbele kwenye mzunguko, anaujua mwendo huo na anaijua sura ile ya kujifanya mtu hana neno.

Wazo hilo lilikuzwa katika Mafia III wa mwaka 2016, uliowekwa katika New Bordeaux ya mwaka 1968, mji ulioigwa New Orleans. Shujaa wake, Lincoln Clay, ni mtu mweusi aliyerudi kutoka vita vya Vietnam, na kosa lilelile huwaleta polisi mbio akilitenda katika mtaa wa matajiri, ilhali katika mtaa wa maskini weusi hujikokota. Nakiri kwamba kazi zake zinajirudia hadi kuchosha, na nililala nikiucheza zaidi ya mara moja.

Saints Row, mfululizo mwingine wa aina hii, sina mengi ya kuusema. Ulianza vizuri mwaka 2006 na mji wake wa Stilwater, lakini kufikia mchezo wa nne, mwaka 2013, mchezaji ni rais wa Marekani anayeruka angani akipigana na viumbe wa sayari nyingine, na aliye na mabawa hahitaji tena barabara. Ninaousikitikia ni Sleeping Dogs wa mwaka 2012, ambamo Wei Shen, askari aliyejipenyeza katika genge la Hong Kong, hupewa alama za uaskari mbali na alama za ugenge; ukiwagonga wapita njia, zile za uaskari hupungua. Magari ya huko hupita kushoto, jambo ambalo halitamsumbua mtu wa Kasumbalesa anayevuka kwenda Zambia. Haukupata mrithi.

Toleo la Mafia wa kwanza lililotengenezwa upya mwaka 2020 linamruhusu mchezaji kuchagua polisi wa kawaida au polisi wakali wanaofuata kila kosa. Mpwa wangu alipoanza kuucheza kwenye kompyuta yangu, aliomba, “Mjomba, niwekee wale wa kawaida.” Nilikataa. Alitozwa faini mara tatu, akanuna. Mara ya nne alisimama kwenye taa nyekundu, akageuka kuniangalia kama nimeona.