Maswali ya Wasomaji: Maharusi Wawili, Nyumba Moja, Siri Mbili

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 26, mkazi wa Dunda hapa Bagamoyo, na pamoja na wenzangu watatu tunaandaa filamu ya kusisimua kuhusu maharusi wapya ambao kila mmoja amemficha mwenzake jambo zito. Mume hakusema kwamba aliwahi kuoa na kwamba mke huyo alizama baharini katika mazingira ya kutatanisha. Mke naye hakusema kwamba yeye ni mjane na kwamba marehemu mumewe alifariki miezi miwili tu kabla ya harusi hii. Siri zote mbili tumezificha hadi dakika kumi za mwisho, ambapo inabainika kwamba mke ana maradhi ya akili, na hadithi inaishia kwa maharusi kusimama ufukweni huku jua likizama baharini. Muswada ninaokuambatishia una kurasa 94 na lokesheni 12, zikiwamo hospitali, kituo cha polisi na boti mbili zinazofukuzana. Fedha tulizo nazo ni shilingi milioni tatu. Waliousoma wanasema hadithi ni nzuri lakini haiwatii hofu. Tufanye nini?
Mwandishi Chipukizi, Dunda

JIBU: Marahaba, binti yangu. Muswada nimeusoma mara mbili, na ya pili niliusoma nikiwa na kalamu nyekundu, kwa hiyo univumilie.

Nianze na jua, tulimalize. Bagamoyo inaelekea mashariki. Jua letu huchomoza baharini na kuzama nyuma ya minazi, upande wa bara, na mtoto yeyote wa hapa atalicheka onyesho lako la mwisho kabla hajalielewa. Lipigeni alfajiri, na mlipige lote kwa siku moja, kwa sababu maji ya bahari hujaa kwa kuchelewa takriban dakika 50 kila siku. Mkirudi kumalizia vipande vilivyosalia baada ya juma moja, saa ileile, mtakuta mchanga mkavu mahali ambapo mwanzo maji yaliwafika magotini.

Sasa hofu. Mtazamaji asiyejua lolote haogopi, anasubiri tu, na wewe umemsubirisha kwa dakika 84. Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu za kusisimua, alilieleza jambo hili katika mazungumzo yake na mwongozaji mwenzake François Truffaut mwaka 1962 kwa mfano wa bomu lililotegwa chini ya meza: likilipuka bila watazamaji kujua, watashtuka kwa sekunde 15; lakini wakijua kwamba lipo na saa inayoyoma, huku waliokaa mezani wakiongea mambo ya kawaida kabisa, watatokwa jasho kwa dakika 15. Wewe una mabomu mawili na umeyafunika yote. Mtazamaji mwonyeshe mapema. Anayepaswa kufichwa ni yule anayelala kitanda kimoja na mwenye siri.

Nitakuonyesha kwa kitu ambacho hakitakugharimu hata shilingi, kwa maana mama yako anacho kabatini. Katika onyesho la kwanza, kabla ya ngoma za harusi, tumwone mume akikunja kanga moja na kuiweka chini kabisa ya sanduku. Siku ya tatu ya ndoa mke anatafuta nguo, anaikuta, anajitanda, anatoka nayo sebuleni akiwa na furaha na kuuliza: "Mwenziwe yuko wapi?" Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili, na hakuna mwanamke wa pwani atakayekuta kipande kimoja asiulize cha pili. Sisi tunajua kwamba cha pili kilikwenda na maji. Mume anaendelea kumimina chai, na kikombe kinajaa, na chai inafurika kwenye kisahani. Hapo hakuna aliyepiga kelele wala muziki uliovuma, na bado mtu aliyeketi ukumbini hatakumbuka kumaliza karanga zake.

Kuhusu lokesheni 12, futa 10, ubaki na nyumba na ule ufukwe wa mwisho. Nasema hivi si kwa ajili ya umaskini wenu peke yake. Desturi yetu imekwisha kukujengea filamu, nawe umeipita ukakimbilia boti: fungate. Siku saba baada ya harusi maharusi hukaa ndani, hawatoki, hawafanyi kazi, chakula wanaletewa, na somo wa bibi harusi huingia na kutoka akiangalia hali. Siku hizi wengi wanaikatisha ili kurudi kazini, lakini watazamaji wako wote wanaijua. Watu wawili wasiojuana vizuri, mlango uliokomewa kwa ndani, siku zinazohesabika, na mtu wa tatu anayejua mengi kuliko anavyosema. Wamarekani hutafuta kibanda porini ili kuwatenga maharusi na watu. Sisi tunawatenga katikati ya mtaa, majirani wakisikika ng'ambo ya ukuta wakitwanga kisamvu, jambo ambalo kwangu linatisha zaidi, kwa kuwa msaada uko umbali wa hatua kumi na heshima ndiyo inayozuia kuuita.

Usidhani kwamba nyumba moja ni aibu. Oren Peli alipiga *Paranormal Activity* katika nyumba yake mwenyewe, kwa muda wa siku saba hivi na dola takriban 15,000, akiwa na wapenzi wawili na chumba chao cha kulala, na filamu hiyo ilionyeshwa katika majumba ya sinema ya dunia nzima.

Nyumba hiyo moja lakini lazima ifanye kazi. Katika *Gaslight* ya mwaka 1944, ambamo Ingrid Bergman ni mke aliyeolewa na mtu asiyemjua, taa za gesi hufifia kila usiku mume anapokuwa ametoka. Kumbe hajatoka, yumo darini akiwasha taa nyingine, na gesi inapungua kwingine. Mke anaambiwa kwamba ni mawazo yake. Sisi hatuna taa za gesi, ila tuna LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mke ananunua uniti 20 siku ya Jumatatu, ndani mna taa tatu na feni moja, na Jumatano asubuhi mita inalia. Anauliza. Mume anamwambia kwamba amesahau, alinunua kumi. Anaitafuta risiti kwenye simu, ujumbe umefutwa. Katika nyumba hiyo kuna chumba kimoja ambacho kufuli lake, kwa maelezo ya mume, lilipotelewa na ufunguo tangu enzi za bibi yake.

Ukitaka mwanya mwingine wa namna hiyo, fikiria miamala ya simu. Mke anataka kumtumia mumewe shilingi 5,000 kwa mzaha wa maharusi, anaandika namba, na kabla hajathibitisha, skrini inamletea jina la mwenye laini: silo jina lililotajwa siku ya kufunga ndoa. Tangu laini zianze kusajiliwa kwa alama za vidole mwaka 2019, jina hilo si kitu cha kupuuza, na mtazamaji analijua hilo bila kuelezwa.

Nimefika mahali palipoharibika kweli, na papo hapo ndipo penye utajiri wako. Umeandika kwamba mke alifiwa miezi miwili kabla ya harusi. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na maharusi wako ni Waislamu. Sheikh anayejua hawezi kuwaozesha. Kwa hiyo ni lazima mtu alidanganya. Walii, yule anayemwozesha bibi harusi, alikuwa nani? Kama ni baba yake, baba alijua. Kama ni mtu aliyelipwa avae kanzu na kukaa mkekani, nani alimlipa? Wewe ulipita hapo kwa sentensi moja, nami nilikaa hapo jioni nzima. Halafu nikakumbuka kwamba ipo njia moja ya eda hiyo kumalizika mapema kihalali: mjane akiwa mjamzito, eda yake huisha anapojifungua. Basi chukulia kwamba hakuna aliyedanganya, kwamba ndoa ni sahihi, kwamba somo anajua na walii anajua. Mume, ambaye ameanza kumchunguza mkewe kama mke anavyomchunguza yeye, anagundua tarehe ya kifo, anahesabu kwa vidole, anaelewa kwamba hesabu inakubali kwa njia moja tu. Mtoto yuko wapi?

Hapo utaona kwamba huhitaji ule mwisho wa maradhi ya akili, ambao nakuomba uufute kwa mkono wako mwenyewe. Mgonjwa wa akili si jibu la fumbo. Ukimfanya kuwa jibu, kila dalili uliyoipanda tangu mwanzo inakuwa haina maana, kwa kuwa lolote lingeweza kutokea; tena unawaumiza watu ambao wana ndugu wenye maradhi hayo majumbani. Jini naye usimlete kuziba pengo hilohilo. Watu wako wawili wana akili timamu na wana sababu, na sababu zao zinagongana mlangoni mwa chumba kilichofungwa.

Machache ya ufundi. Kwa kawaida ukurasa mmoja wa muswada huwa dakika moja; punguza hadi 75. Mkitumia simu, pigeni kwa picha 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila picha hupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa mizunguko 50 na mpangilio wa kiwandani wa simu nyingi, ambao ni 30, huzifanya taa za ndani zipepese. Fedha mnazookoa kwenye boti zitumieni kwenye maikrofoni. Watazamaji watavumilia picha yenye giza, hata wataipenda, lakini hawatavumilia mnong'ono usiosikika, na filamu ya siri ni filamu ya minong'ono. Wimbo wa taarabu unaosikika kwa jirani una mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda. Waombeni kina mama wa mtaani waimbe nyimbo za zamani za harusi zisizo na mtunzi anayejulikana, muwarekodi wenyewe.

SWALI: Mwalimu, vijana wameniomba nyumba yangu ya urithi kwa siku sita wapige filamu ya bwana harusi anayeshukiwa kuua. Ni watoto wenye adabu na wameahidi kunilipa kidogo. Ila majirani wameanza kusema nyumba itaingia mkosi. Niwape?
Mwenye Nyumba, Magomeni, Bagamoyo

JIBU: Shikamoo, mama yangu. Nahisi nawafahamu vijana hao, ingawa sina hakika. Mkosi siuwezi, lakini misumari naijua. Kabla hujawapa ufunguo waambie wakuonyeshe kibali cha Bodi ya Filamu, kwa maana Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inakataza kupiga filamu bila hicho, na polisi wakija mlango watakaogonga ni wako. Andikianeni, hata kwenye karatasi ya daftari, nani atalipa umeme, vyumba gani vitatumika, na kwamba mlango wa nakshi hautatobolewa wala kupakwa kitu. Kama nyumba imo ndani ya eneo la kihistoria, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakuhusu nawe pia. Waulize wahusika kwanza.

Tena mjulishe mwenyekiti wa kitongoji siku na saa za kupiga kelele. Mwaka fulani nilikuwa kwenye upigaji wa filamu ambao hakuna aliyekumbuka kufanya hivyo. Bibi harusi alipolia "ananiua!" saa tano usiku, tulivamiwa na wanaume tisa wenye mapanga, mmoja wao akiwa na taulo tu, na bwana harusi wetu aliokolewa na mpishi aliyejitokeza na sahani ya wali kuthibitisha kwamba tulikuwa kazini. Wapikie chai siku ya kwanza, ukae nao. Mwenye nyumba akiwapo, vitu havivunjiki.

SWALI: Mwalimu, nimepewa nafasi ya bwana harusi mwenye siri nzito. Mwongozaji anataka nionekane mwovu tangu mwanzo, nikodoe macho na kutabasamu upande. Mimi naona si sawa, lakini sijui nimwambie nini.
Mwigizaji, Kaole

JIBU: Naam, kijana wangu, si sawa. Mwanamume anayeficha jambo kwa mke aliyemwoa juzi hujitahidi kuwa mume mwema kupita kiasi: anaamka kabla ya mwenzake, anakunja chandarua, anakumbuka kwamba mkewe hapendi hiliki nyingi. Tunamwogopa kwa wema huo, kwa kuwa tunajua unalipia nini. Ombeni muda wa mazoezi kabla ya kamera kuwashwa. Christopher Nolan alipopiga *Following*, filamu yake ya dola 6,000 hivi, siku za mapumziko tu, waigizaji walifanya mazoezi hadi maonyesho yakawa kama ya jukwaani, ili kila onyesho limalizike kwa kupigwa mara moja au mbili tu. Na katika mazoezi hayo usimweleze mwenzako siri ya mhusika wako zaidi ya alichokisoma. Naye asikueleze yake.

Mwongozaji akishikilia macho, msibishane. Mwombe chungwa la Muheza na kisu kidogo. Kaa kwenye mkeka umenyie mkeo, polepole, ganda likitoka refu kama utepe bila kukatika, kama wanavyomenya wauzaji wa stendi. Mke akuulize, bila uzito wowote, kama uliwahi kupenda mtu kabla yake. Wewe mjibu vizuri, tena umtazame. Ganda ndilo likatike.