Akiba ya Jikoni Wakati wa Kusi

SWALI: Assalamu alaykum, Bi Mhariri. Mimi ni mwalimu, ninaishi Langoni, Lamu, na mume wangu na watoto wawili. Kila siku hufika nyumbani karibu na magharibi nikiwa nimechoka, na kabatini nikakuta mchele peke yake, basi humtuma mtoto akanunue viazi karai. Mwezi uliopita niliona nijitayarishe, nikanunua gunia zima la mchele na pakiti 12 za unga wa mahindi. Sasa mchele umeingia fukusi na unga unanuka ukungu. Niweke nini jikoni ili niweze kupika upesi bila hasara kama hii?
Mwalimu, Langoni

JIBU: Waalaykumu salamu, mwanangu. Naelewa kilichokupeleka kununua gunia, kwa sababu bidhaa zetu nyingi huvushwa kwa mashua kutoka Mokowe kisha hubebwa na punda hadi dukani, na mtu akisikia bei imepanda hushikwa na hofu. Lakini ulinunua kabla ya kuamua utapika nini. Nami nilipoanza maisha nilikuwa na mdalasini wa kutosha mtaa mzima, huku chumvi nikiazima kwa jirani.

Anza kwa kuchagua mapishi manne ambayo watu wa nyumbani kwako huyala bila kunung'unika, na ambayo hayazidi muda wa saa moja jikoni: tuseme wali na mchuzi wa adesi, choroko za nazi kwa mkate, tambi, na sima kwa samaki mkavu wa kupaka tui. Ukishayaandika, utaona kwamba yote yanakutana kwenye vitu vichache, yaani vitunguu maji, thomu, nyanya ya kopo, bizari, mafuta, chumvi, ndimu na nazi. Hivyo ndivyo visivyopaswa kwisha, na kila kinapobaki kidogo ukiandike siku hiyo hiyo.

Adesi nyekundu zilizokobolewa ndizo rafiki wa mtu aliyechelewa, kwani hazihitaji kurowekwa na huiva kwa dakika 15 hadi 20. Choroko huchukua muda zaidi, lakini nazo hupikika bila kurowekwa. Maharagwe mekundu usiyahesabu katika chakula cha haraka, maana yanataka kulala majini usiku kucha, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 ili sumu iliyomo iharibike; kama una friji, yachemshe siku ya mapumziko na uyagandishe mafungu mafungu.

Kitoweo ndicho kinachowasumbua wengi hapa kwetu. Kuanzia mwezi wa Aprili kusi huchafua bahari, vyombo vidogo haviendi mbali, na samaki sokoni huwa haba na ghali hadi karibu na Septemba. Kwa hiyo nunua ng'onda na papa mkavu mapema, wakati wa kaskazi. Chagua aliyekauka mpaka ndani, asiyeteleza mkononi, na asiye na madoa ya rangi ya waridi, kwa kuwa madoa hayo ni dalili ya kuharibika hata kama chumvi ni nyingi. Mfunge kwa karatasi, umtundike mahali penye upepo, na umroweke asubuhi kabla ya kwenda kazini ili jioni ubaki na kazi ya kumtia ukwaju na tui. Makopo mawili ya jodari pia yasikose, kwa siku uliyosahau kuroweka.

Nazi nzima hukaa wiki kadhaa. Shika iliyo nzito, itikise usikie maji, na utazame macho yake yasiwe na unyevu wala ukungu. Tui lililokwisha kukamuliwa halisubiri kesho nje ya friji. Najua wapo watakaonikemea, lakini sina ugomvi na tui la pakiti siku ya Jumatatu.

Sasa turudi kwenye hasara yako. Unga unaonuka ukungu utupe, wala usijaribu kuuanika juani, kwani jua halitaondoa sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Mchele wako bado unaweza kuokolewa: uchekeche, na ukipata nafasi kwenye friza uweke humo siku 4 ili mayai ya fukusi yafe, kisha uhifadhi katika ndoo kavu yenye kifuniko kinachobana. Kwa unyevu wa Lamu, kilo 5 za mchele na pakiti mbili za unga zinawatosha watu wanne kama akiba. Zikiisha, ndoo ifutwe kabla ya kumiminwa mpya.

SWALI: Mimi ni kijana ninayeishi peke yangu Malindi, sina friji. Huwa napika wali mwingi usiku ili nile kiporo asubuhi. Je, kuna ubaya?
Msomaji, Malindi

JIBU: Upo, mwanangu. Wali uliolala nje katika joto la Malindi huota vijidudu vinavyotoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto sana. Pima kikombe kimoja, upike wa kula mara moja. Kwa asubuhi weka mayai, mkate na viazi, ila viazi vikae gizani mbali na vitunguu, na kilichogeuka kijani usikile.